Mfuniko Ndio Unaoulipia: Jiko Gani la Kuchomea Nyama Linafaa Nyumbani Dodoma?

Dodoma hakuna anayekosa nyama choma. Jumamosi kuna mnada wa Msalato, na siku nyingine baa na vibanda vya nyama havikosekani kuanzia Majengo hadi Nzuguni. Lakini bei ya sahani moja ukiizidisha kwa watu kumi, ukaongeza nauli na vinywaji, ndipo wazo la kuchomea uani linapokuja. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa vitendo baada ya tamko la mwaka 2016, mitaa kama Ilazo na Iyumbu imejaa nyumba zenye uzio na ua wa kutosha, na nje ya karakana za mafundi wa kuchomelea majiko ya pipa yamepangwa yakisubiri wateja.

Swali ni lipi la kununua. Jibu tulitangulize: kwa familia nyingi za Dodoma na uwanda wa kati, fedha inakwenda mbali zaidi kwenye pipa zima la kulala, lenye mfuniko wa bawaba na matundu ya hewa yanayoweza kufungwa. Linagharimu zaidi ya nusu pipa la kawaida, na ziada hiyo karibu yote ni bei ya mfuniko. Nyama yetu, upepo wetu na bei ya mkaa ndivyo vinavyoufanya mfuniko huo ujilipe.

Anza na nyama

Ng'ombe wengi wanaochinjwa huku ni zebu wa asili, mwenye nundu, aliyekulia kwenye kutembea. Ana ladha nzito, ila misuli yake imefanya kazi, haina mafuta mengi katikati, na ina tishu ngumu za kolajeni. Kuna tofauti: ranchi ya taifa (NARCO) iliyoko Kongwa inafuga Boran, na watafiti wa Mpwapwa walizalisha ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo kwa kuchanganya zebu wetu na aina za Asia kama Sahiwal na Red Sindhi. Hata hivyo, buchani utakapofika asubuhi, nyama utakayokatiwa kwa kawaida ni ya ng'ombe aliyetembea.

Hili lina maana kubwa kwenye jiko. Sarara na steki hazina kolajeni nyingi. Moto mkali wa dakika chache unazitosha. Kidari, mbavu na nyama ya mkono ni habari nyingine. Kolajeni huanza kulainika nyama ikifika nyuzi joto 70 hivi, na kazi hiyo inachukua saa, si dakika. Ukiiweka mbavu ya zebu juu ya makaa mekundu yaliyo wazi, maji yanakauka kabla ugumu haujalainika, na unakula nyama iliyoungua nje huku ndani inavutana na meno. Iweke ndani ya jiko lililofunikwa, kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130, kwa saa nne hadi sita, na mbavu ileile inaachia mfupa yenyewe. Kuku wa kienyeji aliyekomaa naye anataka upole huo. Paja la mbuzi mdogo linakubali njia zote mbili.

Kwa hiyo jiulize kwanza: hapa nyumbani tunanunua nini? Kama ni steki na mishikaki kila mara, huhitaji mfuniko. Kama ni mbavu, kidari na mbuzi mzima wa sikukuu, unauhitaji.

Halafu upepo

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni kiangazi, na katikati ya mwaka upepo wa kusini-mashariki unavuma hadi mapazia yanalala. Kwenye jiko la wazi upepo huo unafanya mambo matatu kwa pamoja: unapuliza mkaa uishe upesi, unapeleka joto upande mmoja wa wavu, na unakurushia jivu na vumbi juu ya nyama.

Wenzetu wa mbali walikutana na adha hiyohiyo. Mwaka 1952, George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers huko Chicago, Marekani, alichoshwa na upepo uliokuwa ukimwagia steki zake majivu. Akachukua boya la chuma, akalikata nusu mbili, ya chini ikawa jiko na ya juu ikawa mfuniko. Majiko ya duara yenye mfuniko yanayouzwa leo katika maduka makubwa ni wajukuu wa boya lile. Fundi wa Chang'ombe anayekata pipa anatatua tatizo lilelile kwa malighafi iliyo karibu naye.

Machaguo yaliyopo

*Jiko la mkaa la kawaida na wavu juu.* Tayari unalo jikoni. Linatosha mishikaki ya watu watatu au wanne. Zaidi ya hapo utachoma kwa awamu, na wa mwisho kula atakuwa amelala. Usitumie fedha nyingine kwa ajili yake. Nunua wavu mzuri tu.

*Nusu pipa.* Hili ndilo la barabarani na la baa. Pipa la lita 200 lina upana wa sentimita 57 hivi na urefu wa takriban 88, hivyo likikatwa kwa urefu unapata wavu wa karibu nusu mita ya mraba. Kilo sita za nyama zinaenea bila kubanana. Ni jiko bora la moto mkali, na halina la kuharibika. Ubaya wake ni kwamba linakula mkaa, linaogopa upepo, na haliwezi kupika polepole. Watu hulifunika kwa bati la kuezekea. Linasaidia kidogo, lakini mabati yamepakwa zinki, na zinki juu ya moto mkali hutoa mvuke usiofaa kuvutwa wala kugusa chakula.

*Pipa zima la kulala.* Ni nusu pipa lililopewa nusu ya pili kama mfuniko, tundu la hewa upande mmoja na bomba fupi la moshi upande wa pili. Ukisogeza mkaa wote upande mmoja na nyama upande wa pili, ukafunga, una jiko la kukausha kwa moshi. Ukifungua na kutandaza mkaa, una nusu pipa la kawaida. Ni majiko mawili ndani ya pipa moja.

*Pipa la kusimama.* Halikatwi kwa urefu. Linaondolewa sehemu ya juu tu, kapu la mkaa linakaa chini na wavu juu, au nyama inaning'inizwa kwa ndoano. Kwa kuwa maungio yake ni machache, linaziba vizuri na linatumia mkaa kidogo kuliko yote. Wavu wake una nusu tu ya eneo la pipa la kulala, na kugeuza mishikaki ndani ya pipa refu ni kazi ya kuunguza mikono. Linamfaa mtu anayetaka kuku wazima, mbavu na samaki.

*Jiko la matofali.* Matofali ya kuchoma yanapatikana kwa urahisi mkoani, na ukuta mnene unatunza joto vizuri. Ila ukishalijenga limebaki hapo. Mpangaji asijenge, mwenye nyumba mwingine atakushukuru, mwingine atakudai ulibomoe. Kama lengo lako ni kukausha perege na kambale wa bwawa la Mtera, jenga kwa muundo wa Chorkor. Jina hilo ni la kitongoji cha wavuvi cha Accra, Ghana, ambako tanuri hilo lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970: sanduku la moto la matofali au udongo, juu yake trei za mbao zenye wavu zinazopangwa moja juu ya nyingine hadi zenyewe zinakuwa bomba la moshi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lililisambaza katika nchi nyingi za Afrika, kisha kwa kushirikiana na kituo cha Thiaroye, Senegal, likaliboresha kwa kuongeza sinia la kudaka mafuta ili yasidondoke motoni. Sinia hilo ni somo kwa jiko lolote: mafuta yanayodondokea makaa ndiyo yanayozaa moshi mweusi na kemikali zinazohusishwa na saratani.

*Jiko la gesi la kuchomea.* Linawaka kwa kubonyeza, joto linatii kitasa, na halina majivu. Halitoi ladha ya moshi peke yake. Unaweka vipande vya kuni kavu kwenye kopo lenye matundu juu ya moto. Bei ya kununua ni kubwa, na vipuri kama mabomba ya moto na kirekebisha gesi si vya kuokota kila duka. Uliza vipuri kabla ya kulipa.

*Kabati la umeme la kukaushia.* Lenye nguvu ya wati 1,500 likifanya kazi saa nne halizidi uniti 6. Si nyingi, ila kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sehemu ya kumi na mbili ya mgao kwa mlo mmoja. Na umeme ukikatika saa ya pili, nyama inabaki vuguvugu, jambo la hatari.

Hesabu ya kila mlo

Bei ya dukani haisemi ukweli wote. Chukua bei ya jiko, igawe kwa idadi ya mara utakazolitumia hadi life, kisha ongeza gharama ya mkaa au gesi ya mlo mmoja. Tufanye mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Weka bei za siku yako.

Tuseme nusu pipa ni shilingi 150,000 na linadumu miaka mitatu; pipa lenye mfuniko ni 300,000 na linadumu mitano kwa kuwa mvua hailiingii; jiko la gesi ni 900,000 na linadumu sita. Mkaa tuseme ni 1,500 kwa kilo, na mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa 25,000. Kwa mlo wa watu wanane hadi kumi, tenga kilo 4 za mkaa kwenye jiko la wazi, kilo 2.5 kwenye lililofunikwa, na gesi ya kilo 0.7.

Ukichoma mara moja kwa mwezi, kila mlo unagharimu:
- Nusu pipa: takriban 10,200
- Pipa lenye mfuniko: takriban 8,800
- Gesi: takriban 15,400

Ukichoma kila wiki:
- Nusu pipa: takriban 7,000
- Pipa lenye mfuniko: takriban 4,900
- Gesi: takriban 5,800

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, nusu pipa ni rahisi siku ya kununua tu. Mkaa unaopotea hewani unafidia tofauti ya bei ndani ya mwaka wa pili kwa mchomaji wa kila wiki. Pili, gesi ni ghali kwa asiyechoma mara kwa mara, lakini kwa anayechoma kila Jumapili inalipita nusu pipa. Mwenye jiko la gesi lililofunikwa turubai mwaka mzima amenunua pambo.

Mkaa, kuni na moshi

Usitegemee mkaa kushuka bei. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Na kwa matanuri ya asili ya udongo, kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo nane hadi kumi za kuni. Mkoa huu unaijua gharama ya kukata miti: mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa umechimba makorongo ya kumeza nyumba. Jiko linalookoa kilo moja na nusu ya mkaa kila mlo linaweza kuokoa kilo kumi na mbili au zaidi za mti.

Mkaa mbadala ni wa namna mbili, na muuzaji hatakueleza usipouliza. Ule wa vumbi la mkaa au mabaki ya mazao unawaka polepole na unafaa pipa lililofungwa. Ule unaotokana na makaa ya mawe uache kwa sufuria. Nyama isikae wazi juu ya moshi wake.

Moshi wa ladha unatoka kwenye kuni kavu kidogo unazoongeza juu ya mkaa, vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ngumi. Mgunga mkavu unafaa, mpera na mwembe pia. Lakini Dodoma ina hazina ambayo mikoa mingi haina: matawi ya mizabibu. Mashamba ya Hombolo, Mpunguzi na Chinangali yanapogolewa kila msimu, na kwa kuwa zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, marundo ya matawi hayaishi. Huko Bordeaux, Ufaransa, na La Rioja, Hispania, watu husafiri kula nyama iliyochomwa kwa matawi hayo tu. Yanawaka haraka, yana harufu tamu, na mkulima mara nyingi anayachoma ili kusafisha shamba. Muulize lini alipuliza dawa mara ya mwisho, yaache yakauke miezi kadhaa, kisha tumia kiganja kimoja kila mara.

Vingine usiviweke kabisa. Mwarobaini unatia uchungu, mkaratusi una mafuta makali. Mnyaa, ule wa uzio, una utomvu unaoweza kudhuru macho, na moshi wake si wa kuchezea. Na kwa kuwa kila mtaa sasa una ujenzi, kuna kishawishi cha kuokota masalia ya marine bodi na mbao za kumwagia zege. Yana gundi, oili na misumari. Yaache saiti.

Mbele ya fundi

Swali la kwanza ni pipa lilikuwa na nini. Linalokubalika ni la mafuta ya kula au bidhaa nyingine ya chakula. La dawa za mashambani, gundi au kemikali usilichukue hata likiwa bure. Hata lililo salama lazima lioshwe na lijazwe maji kabla ya kukatwa, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche ya grenda. Fundi anayejua kazi hatakushangaa.

Kisha angalia wavu. Mafundi wengi hupenda kumaliza kazi kwa rangi ya silva ili ing'ae, wavu nao ukiwemo. Mwambie mapema wavu ubaki chuma kitupu, nondo za milimita 8 au chuma cha pua kama mfuko unaruhusu, na ndani ya pipa pasiguswe na rangi. Nje apake rangi ya kuvumilia joto.

Mtihani wa mfuniko ni rahisi, ila unataka jioni. Washa tochi ya simu, iweke ndani, funga. Mwanga ukitoka kama uzi mwembamba kando, si neno. Ukitoka pana kama kidole, joto na moshi vitapita hapohapo. Fundi atasema, "Bosi, hiyo haina shida, masizi yataziba." Kwa uzi ana haki, masizi na mafuta huziba kweli baada ya muda. Kwa kidole, mwambie achomelee mkanda wa bati jeusi kuzunguka ukingo wa mfuniko kabla hujalipa kiasi kilichobaki.

Vitu vingine vitatu: tundu la hewa lenye kipande kinachoteleza kufungua na kufunga, bomba la moshi lililo upande wa pili wa tundu hilo, na miguu iliyotanuka isiyopepesuka upepo ukisukuma. Kipimajoto cha mfuniko ni kizuri ukikipata. Usipokipata, weka kiganja sentimita 12 hivi juu ya wavu: ukivumilia sekunde mbili au tatu, ni moto wa steki, ukivumilia nane hadi kumi, ni moto wa mbavu.

Ukifika nalo nyumbani, lipake mafuta ya kula ndani, uwashe moto wa wastani saa mbili bila nyama. Jiko lolote la mkaa likae nje kabisa, mbali na madirisha na nyasi kavu, na lisiingizwe varandani hata mvua ikinyesha. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu ya kukuonya.

Nani anunue nini

Mpangaji wa vyumba viwili anayependa mishikaki: wavu mzuri juu ya jiko lake la mkaa. Familia inayochoma mara moja au mbili kwa mwezi, inayokula mbavu na mbuzi: pipa la kulala lenye mfuniko. Anayetaka kuku wa moshi na samaki wa Mtera, bila wageni wengi: pipa la kusimama. Mwenye kiwanja chake na mpango wa kuuza samaki: tanuri la Chorkor. Anayechoma kila wiki na hana saa ya kuhangaika na majivu: gesi, kama vipuri vipo mjini. Mwenye kuuza chipsi na nyama barabarani usiku: nusu pipa, maana kwake kasi ndiyo fedha.

Na kama leo mfukoni una fedha ya nusu pipa tu, linunue hilohilo. Ila muombe fundi akuwekee nusu ya pili ya pipa lilelile, umlipe kidogokidogo, ukirudi akufungie bawaba. Nusu mbili za pipa moja zinakaa sawa. Ukija kutafuta mfuniko baadaye kwenye pipa jingine, tochi itakuonyesha tofauti.